Nakala ya Tatu

London, vuli ya 1917

Waliniajiri kwa sababu vidole vyangu havikuuliza.
Winifred Pascoe, ghorofa ya pili, chumba cha nyuma,
dirisha linatazamana na ukuta,
makaa kikapu kimoja kwa siku, kwa ajili ya vita.

Karatasi, kaboni, karatasi, kaboni, karatasi.
Ya juu ya waziri. Ya kati ya faili.
Ya tatu, herufi zimefifia kama mtu anong'onaye nyuma ya pazia,
hiyo ya sandukuni, endapo.
Endapo nini, sikuambiwa.

Mwaka juzi nilichapa ya kwenda Kairo:
Waarabu wainuke, nchi itakuwa yao.
Mwaka jana, maelezo ya ramani ya kwenda Paris,
mstari wa buluu, mstari mwekundu,
na Palestina katikati, doa la chai iliyomwagika.
Mwaka huu barua fupi: makao kwa Wayahudi.
Nyumba moja, funguo tatu,
na mchonga funguo hajawahi kulala humo.

Ahadi ni deni, nilijitia kusema.
Bwana Thorley hakuinua macho.
"Ahadi ni risasi, Bi Pascoe.
Hufyatuliwa inapohitajika."

Rasimu ya pili. Ya tatu. Ya tano.
Neno *katika* liligombaniwa tangu asubuhi hadi saa ya chai:
iwe nchi, au katika nchi?
Biskuti zikaisha, *katika* ikashinda.

Ndipo wakawafikia wenyeji.
Tisa kati ya kila kumi, na hawana jina mezani.
Bwana Thorley akatembea toka mekoni hadi mlangoni, akilitafuta,
kana kwamba limeanguka chini ya zulia.
Majina walikuwa nayo. Niliwahi kuyachapa katika orodha za ushuru:
wakulima wa machungwa wa Yafa, wachemsha sabuni wa Nablus,
mapadri, makadhi, mjane mwenye mizeituni kumi na mmoja.
Akasimama.
"Andika: wasio."
Wasio nini, bwana?
"Wasio Wayahudi. Inatosha."

Wa-si-o.
Silabi ya kwanza inawahesabu,
ya pili inawakana,
ya tatu ni mdomo ulioachwa wazi.

Gazeti lilipotoka, Zelik Brodny,
fundi cherehani wa Whitechapel, mshona makoti ya jeshi,
alilia mpaka miwani ikafanya ukungu.
Baba yake alimzika Kishinev, bila sanda ya kutosha.
Sikumwonea choyo chozi lile.
Alitaka mahali ambapo mlango hauvunjwi usiku;
nani asiyetaka?
Lakini nilikuwa nimechapa sababu, zile zisizotoka gazetini:
binamu yake wa Petrograd asiiache vita,
shemeji yake wa New York apige makofi.
Brodny hakuwa na binamu Petrograd.
Alikuwa na cherehani, na kikohozi.

Kaka yangu Hedley aliishia Gaza, mwezi wa Aprili.
Afisa wake aliniandikia: *hakuteseka*.
Nami nachapa barua kwa mshahara;
najua zinavyotengenezwa.

Ya Hedley mwenyewe ilifika baadaye,
penseli, ukingo umeliwa na jasho.
Anasema Deir al-Balah kuna bibi mmoja
aliyewapa tende kavu kwenye upindo wa nguo yake,
pesa akazisukuma nyuma kwa kiganja.
Kisha akaonyesha buti zao,
akaonyesha barabara,
akageuza mkono: lini?
*Tulicheka, Winnie. Sisi tulikuwa tumefika tu.*

Swali lile hakuna idara iliyolisajili.
Leo jioni, Thorley alipokwenda kuvaa koti,
nimeiweka barua ya kaka sandukuni,
chini ya nakala ya tatu,
endapo.