Gata

Mfupa ulikuja ndani ya bahasha ya kaki,
namba kwa wino wa buluu, udongo wa Shimanzi
bado umekwama kwenye tundu la uboho.
Wachimba mtaro wa maji taka waliukuta
nyuma ya ghala la zamani la kahawa.
Nikausaga kwa baridi ukawa unga,
laini kuliko wa mkate wa sinia.

Asubuhi hiyo hiyo alifika Twalibu Mselem wa Kibokoni,
akaachama kama mtoto anayepewa dawa,
nikampitishia pamba shavuni kwa ndani.
"Ndugu yangu Ngwali ana miaka kumi na mmoja hajarudi.
Alitoka kununua betri za redio."
Halafu, bila kuulizwa, akanisomea nasaba:
bin Mselem, bin Famau, bin nani, bin nani,
mababu kumi na wanne mpaka Hadhramauti.
Wamo kwenye fremu, akasema, juu ya friji,
kioo kimepasuka pembeni.

Mimi husoma nasaba nyingine.
Haina bin, haina fremu.
Herufi nne tu, zikirudiwa:
gata, gata, gata, gata,
kama cherehani ya mama kule Majengo
usiku wa kuamkia Idi, kanzu za watu zikingoja pindo.
Hapa mishono kumi na minne, pale ishirini na tisa,
vituo ishirini na vitatu kwa jumla.
Baba humkabidhi mwana uzi huo huo
bila kufungua furushi kutazama.

Mama hayumo. Nimezoea,
lakini si kuzoea kabisa.
Mimi mwenyewe uzi huo sina.
Baba yangu alizaa mabinti watano;
kwa mashine hii, hakuacha mtu.
Nami ninazo nyusi zake
na hasira zake za asubuhi.

Saa nane mchana umeme wa Makadara ulirudi,
vilima vikapanda kwenye skrini.
Mfupa na shavu: sawa. Sawa. Sawa.
Kituo cha kumi na tisa, mfupa kumi na saba,
shavu kumi na sita.
Nikarudia mara mbili, katikati nikaswali alasiri.
Mshono mmoja.
Mshono mmoja si kukanana; sindano huteleza,
baba akampa mmoja wa wanawe zaidi, asijue.

Nikaandika nilivyofunzwa:
undugu wa kuumeni hauwezi kukataliwa.
Maana uzi hautaji mtu. Hutaja mlango,
haukwambii chumba.
Aweza kuwa Ngwali. Aweza kuwa ami, mtoto wa ami,
mwanamume yeyote aliyezaliwa mlango huo
na asirudi.

Na palikuwa na jambo lingine.
Nilipouuliza uzi huo kwenye daftari la mashine,
haukuwa na jamaa Hadhramauti, wala Maskati.
Ulikuwa na watatu tu, njia ya Mariakani,
wasio na majina, waliotoa damu
kwa ajili ya utafiti wa malaria
wakapewa soda na nauli.
Nililitazama hilo muda mrefu.
Fomu haina mahali pa kuliandika.

Twalibu alirudi Alhamisi, amekwisha nunua sanda.
Nikamweleza habari ya mlango na chumba.
Alinisikiliza huku akikunja risiti ya duka,
akaikunja mpaka haikunjiki tena.
"Basi nitamzika kwa jina gani?"

Nikafungua orodha ya polisi, nikamsomea:
kifungo kimoja cha shati.
Kandambili ya kushoto.
Betri mbili kubwa, zimeoza, bado zimefungwa pamoja kwa karatasi yake.

Hakulia. Aliomba kalamu, akatia sahihi
jina lote, babu kwa babu, likavuka mstari
likaingia kwenye sehemu ya matumizi ya ofisi.
Ya fremu hakuniuliza.
Aliuliza kama betri wanaweza kurudishiwa.
Nikamwambia hizo ni za polisi.