Makabidhiano

Weka sahihi hapa, Limi, na hapa tena; nakala ya pili ni ya masjala.
Umepokea mtumbwi mmoja, makasia mawili,
kreti ya chupa ishirini na nne, moja ina ufa,
na hiki kisahani cha chuma, robo nyeusi, robo nyeupe,
upana wake kama sahani ya pilau.
Kamba yake ina mafundo. Kila fundo, sentimita kumi.

Kazi yenyewe nyepesi. Kila Jumanne, saa nne,
unapiga kasia hadi mbele ya mdomo wa Mirongo,
unakishusha taratibu mpaka kipotee machoni.
Unahesabu mafundo. Unaandika.
Mwaka nilioanza kilipotelea fundo la kumi na tisa.
Jumanne iliyopita, la tano.
Katikati ya namba hizo mbili ndipo zilipoota mvi zangu.

Kinachofuata ndicho kigumu, na hakimo kwenye fomu.

Ripoti ya kwanza niliipeleka mwenyewe, nimevaa tai ya kuazima.
Kurasa mia mbili na kumi na nne, kwa Kiingereza,
maana mfadhili alitaka hivyo.
Afisa akaipima mkononi kama anunuaye sato,
akasema, Mzee, niletee ukurasa mmoja.
Nikamletea ukurasa mmoja. Akasema, ushahidi uko wapi?
Niliporudi na ushahidi, alikwisha kuhamishiwa Sumbawanga.

Wa pili alisoma. Nakuapia, alisoma yote,
akapigia mistari kwa kalamu nyekundu, kisha akaniita:
Mtaro ni wa jiji. Ziwa ni la bonde.
Samaki ni wa wizara, na ufuo una wenyewe.
Na huu ukijani unaoelea? nikamuuliza.
Akacheka vizuri, bila kiburi.
Huo, akasema, hauna ofisi.

Ya tatu ilifika mwaka wa uchaguzi.
Kiwanda cha minofu kilikuwa na ajira mia nne,
mimi nilikuwa na mafundo tisa.
Diwani hakunitukana. Alisema tu
namba zinaweza kusubiri, tumbo haliwezi.
Nikakosa la kumjibu,
maana shemeji yangu alikuwa zamu ya usiku humo humo,
na karo ya binti yangu ilitoka kwenye kisu chake.

Warsha? Zilikuwepo. Hotelini, ghorofa ya juu,
sambusa, bahasha ya posho, picha ya pamoja,
madirisha yamefungwa kwa sababu ya harufu ya ziwa.

Wala usidhani wabaya ni wao tu.
Sisi wa maabara tuliandika "kuna uwezekano"
pale tulipopaswa kuandika "acheni".
Tukaomba miaka mitatu mingine ya utafiti. Tukapewa.
Magugu maji hayakuomba kitu.

Sasa sikiliza hili.
Mwaloni Kirumba utamkuta Bi Nyangeta, anaanika dagaa.
Kila nikifunga mtumbwi huniuliza, leo fundo la ngapi?
Nikimtajia, huchora mstari kwa mkaa kwenye bati la kibanda chake.
Likiwa chini ya nane, yeye na wenzake hawachoti pale;
wanapanda na ndoo hadi bombani, kule mawe yanakoanzia,
wanalipa, wanalalamika, wanalipa.
Hakuna waraka uliowaagiza.

Na ndiye pekee aliyewahi kunikosoa.
Mwaka ule ziwa lilipopanda hadi vizingitini, kamba ilikatika.
Kamba hukatikia pembamba; nikaiunga usiku kwa tochi ya simu,
zikapotea sentimita tatu, nami sikujua.
Ripoti mbili zinabeba kosa hilo. Zina mihuri kumi na mmoja.
Nyangeta alinitazama nikivuta, mikono yake imejaa magamba, akasema:
Kamba yako imefupika.

Ipime upya kabla hujaanza, Limi.
Futi iko kwenye droo, chini ya ripoti.