Kugonga Mzinga

Baba hakuwa na kipimo chochote. Alikuwa na mpini wa shoka.
Kule Ipole alipanda myombo, akaufikia mzinga,
akagonga mara mbili, si kwa nguvu,
kisha sikio kwenye gome, mdomo wazi kidogo
kama mtu anayesubiri chafya.
Halafu neno moja, kwa ajili yetu tuliobaki chini:
Wamo. Au: Hawamo.
Hakuwahi kusema labda.

Nilijifungua Machi, mvua za mwisho,
mtoto wa kilo tatu na robo, mzima, mwenye sauti.
Walipiga vigelegele. Nikavisikia
kama unavyosikia sherehe ya nyumba ya tatu:
unaijua ngoma, hujui anaolewa nani.
Nilimnyonyesha Kalunde kama mtu anayelipa deni la duka,
kwa wakati, bila kutazamana na mwenye duka.
Usiku nilihesabu mabati. Ishirini na sita.
La kumi na tisa lilikuwa na tundu,
nami nilikuwa nawaza, kama ningekuwa mwembamba vya kutosha

Mama mkwe alisema ni jicho la mtu.
Jirani alisema damu ya uzazi haijashuka yote.
Maganga, mume wangu, hakusema kitu.
Alificha kamba ya kisima.
Hiyo kamba ndiyo iliyonifikisha Tabora mjini.

Vidonge, miezi miwili. Vilinipa usingizi, havikunipa asubuhi.
Kisha chumba cha mwisho, ukishapita maabara,
na Leokadia mwenye futi ya fundi cherehani.
Alinipima kutoka pua hadi kisogo, sikio hadi sikio,
akanivika kofia ya kitambaa, akaichora alama kwa kalamu ya bluu.
"Ni sumaku tu," alisema. "Haikati. Inabisha hodi."
Akasogeza kile kidude chenye umbo la nane,
akabonyeza,
na kidole gumba changu cha kulia kikaruka.
Chenyewe. Sikukituma.
"Umeona?" Alifurahi kama aliyepata mtandao.
Nilikitazama kidole kwa wivu.

Ta-ta-ta-ta-ta. Kimya. Ta-ta-ta-ta-ta.
Kigogota aliyeajiriwa, Jumatatu hadi Ijumaa.
Siku ya nne umeme ulikatika katikati ya hodi,
tukakaa gizani wawili, tukala karanga zake.
Siku ya tisa, hakuna.
Ya kumi na moja, kichwa kinauma, hakuna.
Jibu hilo nalijua tangu utoto:
gome linalokurudishia pigo lako mwenyewe.

Siku ya kumi na nne, sokoni,
muuza nyanya aliniwekea mbovu chini ya fungu.
Nikamgombeza. Mimi! Watu wakageuka.
Nikasema, hizi nimpikie nani, mwanangu?
Neno likanitoka mdomoni
kabla sijalikagua.

Haikuwa furaha. Nisikudanganye wewe unayesoma
huku umemshika mtoto kama mzigo ulioachiwa stendi.
Ilikuwa hasira ya shilingi mia tano.
Ila hasira haikai nyumba tupu.

Jioni ile nikaona sikio la kushoto la Kalunde
limekunjwa kwa juu, kama la baba.
Miezi mitano nilikuwa naliosha kila siku.

Jumapili baba akapiga, sauti inakuja na kuzama.
Hakuuliza mashine, hakuuliza daktari kasemaje.
"Wamo?"
Nikaweka simu begani, nikasikiliza kwanza.
Nisingeweza kumwongopea kwa hilo.
"Wachache."
Kimya. Nikamsikia akivuta ugoro.
"Basi usiwafukize moshi," akasema,
na salio lake likaisha.