Beji

Kwanza miguu.
Hivyo ndivyo alivyonifunza Sinyora Ornella siku ya kwanza,
kabla hata ya kunionyesha choo kilipo:
usimtazame mtu usoni, uso hudanganya,
anza na kiatu, panda hadi saa ya mkononi,
kisha kucha. Hapo ushajua
utasema "karibu" ya meno au "karibu" ya midomo.

Miaka miwili naisoma miguu ya Malindi.
Naijua ya benki, ya hoteli, ya wake wa wabunge
wanaoteremka kutoka Nairobi Ijumaa na visigino vipya.
Yuko mzee mmoja wa Kitaliano, hutoka ufuoni pekupeku,
kaptula imetatuka makalioni, mchanga anaumwaga
njia nzima hadi kwenye mikoba ya ngozi ya mbuni,
nasi twamkimbilia na maji ya ndimu.
Huyo pekupeku yake ni likizo.

Kwenye beji naitwa Mina.
Mbeyu, alisema Sinyora, litawashinda wageni.
Sketi ni ya duka, hata marashi ni ya duka,
najipulizia saa mbili asubuhi, shingoni, mara mbili,
na mwisho wa mwezi nakatwa.

Basi ilikuwa Jumanne, saa tano, duka tupu,
kiyoyozi kinavuma peke yake,
nikamsikia Mwaringa mlangoni akiuliza,
"Mama, watafuta nani?"
Na sauti niijuayo tangu sijajua kitu
ikamjibu: "Sitafuti mtu. Natafuta viatu."

Akaingia.
Akala za tairi, vumbi la Maweni hadi vifundoni.
Pesa zi ndani ya pakiti ya majani ya chai, kaikunja mara tatu.
Leso mbili, ile ya juu yanuka moshi,
na maneno yake yamemezwa na mkunjo,
yanasomeka nusu tu: … SI MGENI.

Saline, mwenzangu, akanitupia jicho: huyu wako.
Kisha akalifunga kabati la saa kwa ufunguo,
polepole, ili usikike.

Ningesema neno moja. Lina silabi mbili,
hata mtoto asiye na meno hulisema.
Nikasema: "Nikusaidie?"
Bila shikamoo.

Akanitazama, si miguuni.
Akaanza usoni, akashuka hadi kwenye beji,
midomo ikasogea kama asomapo karatasi ya hospitali,
herufi moja moja.
Kisha akaelewa, nami nikamwona akielewa,
kama aliyemkuta nyoka amejiviringa kwenye mtungi:
akashusha fimbo, asivunje mtungi.

"Naangalia tu, Mina."

Akagusa kiatu kimoja, cha kijani,
kwa mgongo wa kidole, upande usio na masizi.
Bei ilikuwa chini ya soli.
Hakukipindua.
"Vizuri. Asante, Mina."
Mara ya pili alilitamka kuliko Sinyora.

Mlango ukajifunga wenyewe, ndio kazi yake.
Saline akapuliza manukato pale aliposimama.
"Wengine hawa," akasema, "huja kupunga baridi ya bure."
Nikacheka.
Niliandike na hilo: nilicheka.

Usiku nilimkuta akichambua mbaazi za kesho,
taa katikati, sahani yangu imefunikwa.
Nikavua sketi ya duka, nikaitundika msumarini.
Nikala. Nikakumbuka ndipo:
Jumamosi dadangu Haluwa anaolewa,
na mama wa bi harusi husimama mbele,
mbele kabisa, miguu ikionekana.

Nikangoja anitukane kwa Kigiriama,
lugha isiyopungukiwa.
Akaendelea kutupa vijiwe kwenye sinia, ti, ti,
kisha, bila kuinua kichwa:
"Kile cha kijani, Mbeyu.
Kilikuwa pesa ngapi?"

Nikamtajia nusu ya bei.
Hata hivyo kijiwe kikabaki kidoleni,
muda mrefu,
hakikuanguka.