Edelmira Anakabidhi Gari

Pesa ziweke mezani, chini ya kisu cha mkate,
zisipeperuke. Nitazihesabu baadaye,
au nisizihesabu.
Njoo nje kwanza, Nazareno. Funga koti.

Hii ndiyo Reno. Rangi yake ilikuwa ya maziwa,
sasa ni ya meno yangu.
Miaka thelathini na miwili imenibeba
shamba hadi shamba, nikiwapikia wakata manyoya ya kondoo,
sufuria kwenye buti, vitunguu kiti cha nyuma,
na haijanilaza njiani ila mara mbili.
Zote mbili kosa lilikuwa langu.

Fungua boneti. Si hivyo. Bonyeza kwanza, halafu inua,
kama unavyomwinua mgonjwa. Wewe ni muuguzi, unajua.
Oili ipime asubuhi, injini ikiwa baridi,
gari likiwa mahali tambarare.
Futa kijiti, chovya, soma.
Usikisome kwa tamaa. Kikisema chini, ni chini.
Na ukiisugua oili kati ya vidole
ukasikia mchanga, imwage yote,
hata kama kilomita elfu tano hazijatimia.
Vumbi la Patagonia halijui kuhesabu.

Rejeta usiifungue ikiwa moto.
Tazama mkono huu.
Haya.

Toka mwezi wa nne usitie maji matupu,
tia na dawa ya baridi,
la sivyo wa saba utakupasulia chuma kama yai.
Betri ikiota unga mweupe vichwani,
vua waya, hasi kwanza,
osha kwa maji ya moto na magadi, paka grisi.
Geji ya petroli ni mwongo mpole:
ikikuambia nusu, elewa robo.
Jaza kila uionapo pampu. Ile ijayo
iko kilomita mia mbili na kumi,
na mwenyewe huifunga akijisikia kwenda kuvua.

Sasa upepo. Hili mtihani wa leseni hauulizi.
Egesha pua ikiukabili.
Ukiupa mgongo kisha ukafungua mlango,
unaung'oa, unaondoka nao.
Mlango huu wa kushoto si wa gari hili.
Ndiyo maana ni wa buluu.

Kwenye kokoto shusha presha ya tairi kidogo,
na yako pia.
Breki zimalize kabla ya kona, si ndani yake.
Gari likiteleza usipigane na usukani,
tazama unakotaka kwenda, mikono itafuata.
Lori likija, jitenge, punguza, acha mawe yapite.
Huo ufa kwenye kioo niliupata kwa haraka,
watu kumi na wanane wakingoja supu.
Usipoziba ufa, huku hujengi ukuta:
unatembea kwa miguu.

Guanako mmoja akivuka, usiondoke.
Ngoja wa pili, ngoja wa tatu.
Wa mwisho ndiye mwenye haraka.

Unaniuliza kwa nini naiuza.
Ofisini waliniwekea herufi ukutani.
Nilizisoma zote, juu hadi chini, bila kusita.
Kumbe walikuwa wamebadili ubao.

Shika ufunguo. Vuta choki nusu,
washa, usikanyage mafuta, iache ikohoe yenyewe.
Spana ziko chini ya kiti, na kijiko kimoja,
hicho kiache humo, kinabana waya fulani.
Nenda, nenda, giza litakukuta.

Nasimama langoni. Vumbi silioni.
Moja.
Mbili.
Mbili bado, inalia, mwanangu, mpe —
Ah. Tatu.

Honi! Sikumwambia honi.
Haibonyezwi katikati,
ni huku, pembeni, kwa kidole gumba,
na lazima ushikilie kidogo.