Jiwe la Rhonda

Mchezo una mawe kumi na manne
na hakuna hata moja lililowahi kuniponda kidole.
Kuna jeupe kama sukari, kuna jeusi la kuzimu,
kuna la buluu linalong'aa bila sababu.
La kwetu halimo:
la kijivu lenye madoa ya njano,
lililojenga nusu ya Nakuru
na ukuta mzima wa shule iliyonirudisha nyumbani kwa karo.

Nilikaa usiku na kompyuta ya Wafubwa, isiyo na herufi R,
ndiyo maana ndani ya faili jiwe linaitwa Honda,
kama jenereta.
Nilichora: miraba kumi na sita kwa kumi na sita.
Ni padogo. Leso ya mtoto ina nafasi zaidi.
Doa moja la njano likizidi, jiwe linageuka jibini.

Kisha faili ikauliza: ugumu?
Ikataka namba. Moja tu, na nukta ukipenda.

Asubuhi nikalipeleka swali machimboni.
"Baba, jiwe hili huvunjika kwa mapigo mangapi?"
Akaegemeza nyundo pajani.
"Lipi? La juu lililonyeshewa,
au la chini ambalo bado lina usingizi?
Unalipiga usoni au ubavuni?
Umekunywa chai?"
Wenzake wakacheka. Nikaandika tatu.
Akachungulia karatasi.
"Tatu ya nani? Andika kumi na moja."

Sauti niliirekodi kwa simu, nimechutama ukingoni:
tindo, tindo, kimya, tindo,
kisha ule mlio mfupi wa jiwe linapokubali.
Nyumbani, kwa kusikiliza tena, nikamkuta ndani yake
Mama Jerotich, mbali, akiita:
uji, uji moto.
Nilijaribu kumfuta. Kila akitoka
jiwe linabaki bubu.
Nikamwacha.

Vumbi ndilo lililonishinda.
Kule jiwe huvunjika safi,
likaelea kidogo, likaingia mfukoni.
Mfukoni mwa Baba mna kitambaa cha kukoholea.
Hicho sikukichora.

Jumapili nikampa kipanya.
Alikishika kama kifaranga.
Akapiga mara kumi na moja, akihesabu kwa sauti.
Jiwe likaruka, dogo kama kete.
Akasubiri.
"Na hapa futi ni shilingi ngapi?"
Sikuwa nimeandika mahali pa hilo.

Sasa limo, la kumi na tano.
Mtu asiyejua Nakuru iko upande gani wa dunia
hulikuta chini, tabaka la arobaini,
akalalamika kuwa ni gumu mno kwa jiwe lisilong'aa.
Hupiga. Hupiga.
Pigo la saba husimama,
akageuka kutazama giza la pango nyuma yake:
nani huyo anauza uji?