Soksi ya Kushoto

Siku ya tatu shule imefungwa.
Mto Narew umeganda, na bata
wanatembea juu yake kwa hadhari
kama wageni kwenye sakafu iliyopigwa deki.
Ziemowit yuko barabarani tangu jana alfajiri
na trekta lake la kukwangua theluji.
Amepiga simu, sauti inakatika:
"Nikisafisha mbele, nyuma kunajaa."
Nikamwambia, hata huku ndani.

Maana mezani petu kumenyesha karatasi:
gazeti la Jumapili, maganda ya chokoleti,
bili ya umeme,
vyote vimekunjwa, vikakunjwa tena,
vikapitiwa na mkasi wa kunyolea kondoo
tuliouazima kwa jirani, Bi Bogumiła,
mkasi mzito, wenye harufu ya zizi,
ambao yeye huutumia kuchonga majogoo ya karatasi
membamba kama ngozi ya kitunguu.
Alipomkabidhi Jagna alisema neno moja tu:
"Mkasi utulie. Karatasi ndiyo izunguke."

Jagna ana miaka tisa, na amesikia.
Chembe yake ya theluji ina ncha sita sawasawa,
na katikati, ukisogea karibu,
utasoma deni letu la mwezi wa Desemba.

Klemens ana minne. Alikata pale penye mkunjo.
Akafungua:
nusu huku, nusu kule.
Kimya. Kisha mdomo ukaanza kupinda.
Nilitafuta la kusema, sikulipata.
Jagna akazichukua nusu zote mbili,
akazipaka gundi ya unga wa ngano,
akazibandika kiooni, zimeachana kidole kimoja.
"Hii ya kwako imeshaanza kuyeyuka," akasema.
"Yangu bado."

Basi mchana kutwa
Klemens hakukata tena theluji nzima.

Jioni akataka mtu wa theluji
atakayevumilia joto la jiko.
Tukashusha soksi nyeupe kutoka kwenye kamba,
tukaishindilia mchele mpaka ikapata kitambi,
tukaifunga shingo kwa uzi wa sufu.
Macho: vifungo viwili vya koti langu la mazishi.
Tumboni: kifungo chekundu
ambacho hakuna anayejua kilidondoka wapi.
Pua ilikuwa ncha ya karoti ya supu,
na kabla ya watoto kulala ilikuwa imeshasinyaa,
ikampa sura ya mtu aliyenusa jambo.

Ziemowit aliingia saa sita usiku,
nyusi nyeupe, vidole vimekataa kufungua zipu.
Akapapasa kamba juu ya jiko.
Soksi moja.
Akapapasa tena, akainama chini ya benchi,
akanitazama.
Nikanyoosha kidole dirishani.

Alimnyanyua yule bwana mnene kwa mikono miwili
kama anayekadiria uzito wa kichanga.
"Kilo nzima ya mchele," akanong'ona.
Nikadhani atamfungua.
Akamrudisha palepale, kati ya zile nusu mbili,
akamgeuza uso utazame nje.
"Mwache. Barabara haifai kukosa mtu wa kuiangalia."

Akapanda kitandani na soksi ya kulia peke yake.
Mguu wa kushoto, baridi kama shoka la uani,
akauegemeza kwenye miundi yangu bila kuomba radhi.
Nilimtukana kwa sauti ya chini, watoto wasiamke,
nisiuondoe mguu wangu.
Nje, taratibu, kulikuwa kunajaa
kule kote alikopita.